Nilivyokuwa Nikimjibia Mjukuu Wangu Salamu

Ndugu zangu, nianze kwa kuwaombea amani ninyi wa benchi za mbele, na ninyi wa kule nyuma karibu na mlango mnaotaka kutoka mapema mkaangalie mahindi yenu. Wazee wenzangu, nawasalimu. Watoto, shikamoo zenu nimezipokea. Naomba nishike hii meza. Magoti yangu yamepanda na kushuka mashamba ya chai tangu nikiwa msichana, lakini leo hayatetemeki kwa uzee peke yake. Naogopa. Nimeona niseme mapema, ili nikikwama mahali msidhani nimesahau.

Mama mchungaji aliponiambia nitoe ushuhuda nilimjibu kwamba mimi niliishia darasa la pili, nitashuhudia nini. Akasema, "Bibi, sema tu kama unavyosema kisimani." Sasa kisimani mimi husema sana, mtanivumilia. Jina la mtu sitataja. Anayejijua atajijua, na asiyejijua asigeuke kumtazama jirani.

Nyumba yangu mnaijua. Ipo juu ya chai, chini ya mikaratusi, na njia inapita mlangoni. Marehemu mzee wangu aliijenga pale makusudi, akasema asipite mtu bila kusalimiana naye. Yule mzee alipenda salamu. Unamwacha anamsalimu mtu, unachuma maharage, unarudi, bado anauliza hali ya mbuzi. Basi na mila yetu huku milimani mnaijua. Njia ni nyembamba, upande huu ukuta wa udongo, upande ule bonde. Mkikutana, mdogo husimama pembeni, hushusha mzigo kama anao, na husalimu yeye kwanza. Anayepita kimya, macho chini, tuliambiwa tangu utotoni kwamba huyo ana jambo lake. Mimi nikiwa mtoto nilikutana na mwanamke kwenye ukungu, akanipita hakusema neno, nikakimbia mpaka mtungi ukanivunjikia. Nikachapwa. Baadaye tukasikia maskini alikuwa anaumwa jino. Lakini nilikimbia, na ninyi mngekimbia.

Nasema hayo ili mjue kwamba waliokuja kuniogopa siwashangai.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nilimlea mimi tangu ameachishwa ziwa, maana mama yake yuko mbali kwenye kazi za watu. Alikuwa kasuku. Akienda dukani kununua chumvi anarudi na habari za kitongoji kizima. Alipofaulu, akaenda shule ya bweni, mbali, huko tambarare. Akamaliza kidato cha nne, akarudi kwangu. Alirudi mrefu, ana sharubu za paka, ana simu. Lakini yule kasuku hakurudi.

Namuuliza, "Umekula?"

"Mm."

"Umeshiba?"

"Mm."

"Hiyo mm yako ni ya ndiyo au ya hapana?"

"Mm."

Anakaa kwenye kigoda mlangoni, nyaya masikioni, kichwa kimeinama, vidole vinakimbia kama kuku anayedonoa. Mara anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka na nani. Akasema, "Washikaji." Nikauliza wako wapi, akainua simu. "Wote wamo humo?" Akasema wamo, mmoja yuko Dodoma, mwingine Mwanza, mwingine hajui yuko wapi. Hajawahi kuonana nao hata mmoja. Na simu ile ilikuwa inagonga, ko ko, kama mtu mlangoni, na mimi kila ikigonga naitikia "karibu". Siku za mwanzo alikuwa hata anatabasamu nikifanya hivyo. Halafu akaacha.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Watu wanapita njiani wanasimama. "Kijana, hujambo? Umerudi?" Yeye kimya. Anainua macho, midomo inacheza kidogo, anaangalia tena chini. Mimi bibi yake nitafanya nini? Nikaona aibu. Marehemu mzee angefufuka. Nikasema, "Hajambo, hajambo kabisa, amerudi salama." Mtu akiuliza, "Shule umemaliza?" nasema, "Amemaliza." "Unamkumbuka mjomba wako wa Bumbuli?" "Anamkumbuka sana, jana tu alikuwa anamuulizia." Uongo mtupu, Mungu anisamehe. Hata kwenye banda la kupimia chai, karani alimuuliza jina lake mwenyewe, nikalitaja mimi. Karani akamtazama, akanitazama, akaandika. Nililiona lile jicho, sikujua maana yake.

Nilidhani namfunika kijana wangu aibu, kama unavyomfunika mtoto kanga wakati wa baridi.

Kwanza ilikuwa kisimani. Nafika, maneno yanakatika. Nikasema labda walikuwa wanamsema mtu, watu husemwa. Halafu mwanamke ninayechuma naye chai mstari kwa mstari tangu ujana wetu akahamia upande wa pili wa shamba. Nikamwuliza, "Mwenzangu, huko kuna nini?" Akasema, "Huku kuna jua." Ndugu zangu, ilikuwa siku ya ukungu, hata mkono wako huuoni. Halafu mama mmoja kijana akapishana nami njiani, akamvuta mtoto wake nyuma ya kanga. Yule mtoto mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa, mvua kubwa, njia imekatika, na kitovu chake nilikifunga kwa mikono hii.

Shoga yangu mmoja akanijia kupitia nyuma, migombani, asionekane. Akasema, "Kwenye kundi la kitongoji wanakusema."

"Kundi gani? Wanakaa wapi?"

"La kwenye simu, dada yangu. Wanasema umemchukua kijana ulimi. Kwamba mchana ni gamba tu limekaa mlangoni, na usiku unamlimisha kama msukule. Wanasema mbona kila akiulizwa yeye, unajibu wewe. Wanasema sauti yake unayo wewe."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Nywele zilinisimama, na hadi leo nikikumbuka zinasimama, kama mnaona ziko chini ni kwa sababu ya kilemba. Mwanamke mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akishapewa jina lile, mnajua yanayofuata. Sina haja ya kuyasema ndani ya nyumba hii. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimepita njiani asubuhi ile ile, nikawasalimu wote, na wote waliitikia. Midomoni marahaba, mfukoni mambo mengine.

Jiwe lilikuja mchana. Nilikuwa nachambua mboga. Bati la nyumba likalia pa, nikadhani tawi la mkaratusi limeanguka. Nikatoka. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti, simwoni mtu, ila nasikia miguu inakimbia kwenye chai, zaidi ya miwili. Nikaita, "Nani?" Miguu ikasimama. Haikujibu. Nikarudi ndani kinyumenyume, sikutaka kuupa ukungu mgongo. Nikamwambia mjukuu wangu, "Wataniua. Nenda ukaseme na watu."

Akasema, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu arudi, "Nawajibu kila siku, bibi. Jana nimewajibu sana."

"Umewajibu wapi? Mbona sijasikia?"

Akanionyesha simu. Kumbe yote alikuwa anayasoma. Na alikuwa anapigana nao humo, maneno makali, ya kitabuni, na kila akiandika wao wanazidi kusadiki, maana mtu asiyeweza kusema shikamoo anatoa wapi maneno kama yale?

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano pale uwanjani, jirani na banda la chai. Namshukuru, angeweza kunyamaza. Akasema, "Tumsikie kijana mwenyewe. Bibi asiseme." Mjukuu wangu akasimama. Watu wamejaa, wengine wamepanda ukutani. Akafungua mdomo. Jasho likamtoka na baridi ile. Koo lake naliona linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na sauti hakuna. Nikataka kumsemea. Mungu wangu, nilitaka. Nikauma pindo la kanga.

Halafu akatoa simu akaanza kuandika. Mara mifuko ya watu ikaanza kulia, ko ko hapa, ko ko pale, uwanja mzima. Watu wakatoa simu wakasoma. Ameandika, "Bibi yangu hana kosa lolote. Niacheni."

Mzee mmoja, wa rika langu, akamwomba mtu wa pembeni amsomee, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema, "Basi hata vidole ni vyake yule mwanamke."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Mwenyekiti akawatuliza. Akasema tutakutana tena msimu wa matunda ukiisha, na kama mambo ni yale yale, heri nihamie kwa binti yangu kwa usalama wangu. Nihame pale alipozikwa mzee wangu. Wengine wakanong'ona kwamba mwisho wa matunda ni mbali, wao hawawezi kungoja.

Siku zilizofuata nilikuwa nalala na panga, na asubuhi nalificha nisionekane nalo. Siku moja tumekaa jikoni tunapukuchua maharage, mvua inanyesha, nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi sikulaumu. Ila niambie tu, kasuku wangu alikwenda wapi?" Alipukuchua ganda moja muda mrefu sana, mpaka likabaki nyuzi. Akaniambia huku anaangalia maharage.

Kule shuleni, mwaka wa kwanza, mwalimu alimsimamisha mbele asome habari kwa sauti. Akasoma kwa lafudhi yetu hii ya Kishambaa, kama ninavyosema mimi sasa hivi. Darasa likavunjika mbavu. Mmoja alikuwa na simu ya kuficha, akamrekodi. Ile sauti ikazunguka bweni hadi bweni, ikavuka ikaenda shule za wengine, watu asiowajua wakawa wanamwiga. Akaacha kusema darasani, halafu bwenini, halafu kila mahali. "Kwenye simu ninaandika tu, bibi," akaniambia. "Maandishi hayana lafudhi. Huko mimi ni mtu wa kuchekesha. Wananipenda. Nikikutana na mtu macho kwa macho, naisikia ile sauti kabla sijafungua mdomo."

Nikamwuliza, "Na mimi je? Mimi lafudhi yangu ndiyo hiyo hiyo."

Akasema, "Wewe ulikuwa unanijibia. Nikaona basi."

Ndugu zangu, nawaambia, lile jiwe la batini halikuniuma kama neno hilo.

Sasa aliyetusaidia ni mama mmoja anayepeleka plamu na mapea Mombo, chini kwenye barabara kuu, kuwauzia abiria wa mabasi. Mnamjua, ana sauti ya kuamsha ng'ombe. Alikuja mlangoni mwangu mchana kweupe, watu wanaona, akabisha hodi. Nikalia kwa ile hodi tu. Akasema, "Bibi, nimesikia unagawa ndimi za watu. Mimi yangu imezidi, ungenipunguzia." Nikacheka huku nalia. Akasema, "Nipe huyu gamba anibebee ndoo. Ila wewe usije."

Hilo la usije lilinitia hofu mpya. Mombo magari yanakimbia kama yamekosana, joto, wahuni. Nilibaki mlangoni, kila gari likipanda nasikiliza. Aliniambia kijana mwenyewe baadaye jinsi ilivyokuwa. Siku ya kwanza basi linasimama, kijana anainua ndoo dirishani, kimya. Abiria wanamtazama, basi linaondoka. Yule mama akamwambia, "Hapa hakuna kutuma, baba. Hapa tunasema. Basi halisubiri uandike." La pili kimya. La tatu kimya. Plamu zikaanza kulainika. Yule mama akakaa chini kivulini, akakunja mikono, akasema, "Hizi zikioza ni zako, mimi nimechoka." Na hakumsemea. Mimi ningemsemea.

Basi jingine lilipokuja, sauti ikatoka. Aliita, "Plamu." Neno hilo tu, tena limepasuka katikati. Abiria mmoja dirishani akacheka akasema, "Huyu Mshambaa wa juu kabisa huyu." Mjukuu wangu akaganda. Ile sauti ya shuleni ikamrudia yote. Lakini yule abiria akaongeza, "Basi hizi ni za mlimani kweli, siyo za kuokota. Lete ndoo." Akamwambia mkewe, naye akaita wa nyuma. Lafudhi ile ile, ndugu zangu.

Hakupona siku ile. Msidanganywe na watu wanaopona siku moja. Mara nyingine alirudi amenyamaza kama zamani. Simu hakuitupa, na mimi sikumwambia aitupe. Ila jioni moja nilikuwa nakoka moto, nikasikia nyuma yangu, "Bibi, Mombo kuna mtu anauza mapea yetu anasema ya Arusha." Akaendelea, akaendelea. Ugali ukaungua. Tukaula hivyo hivyo.

Lakini nyumbani tu. Njiani bado macho chini. Na matunda yakaisha.

Siku ya mkutano wa pili ukungu ulikuwa mzito. Nimekwenda nimevaa nguo ya kusafiria ndani ya kanga, kama ikibidi niondoke moja kwa moja. Kijana akasimama. Kabla hajasema, yule mzee wa vidole akainua fimbo. "Akisema huyu mwanamke yupo, si yeye anayesema. Atolewe." Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mama, nenda kasubiri nyuma ya banda."

Nikaenda. Nyuma ya banda la chai husikii maneno, unasikia mvumo tu. Nikasimama nimeshika ubao. Sioni mtu, ukungu umenifunika kama sanda. Nikaomba, lakini sala ilikuwa inakatika, maana sikio langu lilikuwa linamtafuta yeye. Kimya. Kimya kirefu. Nikajua anapandisha koo na kushusha. Ulimi wangu ukaanza kusema wenyewe pale kwenye ubao, "Hajambo, anawasalimu sana, anawasalimu." Nikajifunga mdomo kwa mikono miwili.

Halafu nikasikia kicheko. Uwanja mzima, kwa pamoja.

Ndugu zangu, nilikufa pale. Nikasema wamemcheka. Wamemcheka kama shuleni, na sasa hatasema tena mpaka afe, na mimi leo silali kwangu. Nikataka kukimbilia kwake. Nikasikia hatua zinakuja. Nikakumbuka ile miguu ya kwenye chai. Mtu akatokea ukunguni, ni yule mama wa plamu, na uso wake siusomi.

Akasema, "Bibi, njoo. Mjukuu wako anawaharibu watu mbavu."

Kumbe alianza na salamu. "Shikamooni wazee wangu." Imetoka kama mlango wenye kutu, lakini imetoka, na wazee wakaitikia, maana shikamoo huwezi kuiacha hewani. Akawaeleza lile la shuleni, kwa Kishambaa, pale pale mbele yao. Wengine wakainamisha vichwa, kwa sababu nao wana watoto bwenini. Halafu yule mzee akamwuliza, "Na yale maneno ya kwenye simu, alikuwa anakuandikia bibi yako?"

Mjukuu wangu akasema, "Babu, bibi yangu simu huishika kichwa chini miguu juu. Ikigonga huitikia karibu, halafu huniuliza mbona mgeni haingii."

Hapo ndipo walipocheka.

Nilipofika uwanjani alikuwa anauliza yeye sasa, kwa sauti ya chini. "Mliandika habari za bibi kila siku. Nani kati yenu alikwenda kumuuliza?" Hakuna simu iliyolia. Yule mzee akaegemea fimbo, akamwambia, "Njoo unisalimu karibu, masikio yangu mabovu." Akaenda, akainama, akasalimu. Mzee akamshika mkono, hakuuachia upesi. Alimwuliza hali ya mbuzi wangu, mmoja mmoja.

Sasa nishukuru nikae. Namshukuru Mungu aliyenifunga mdomo nyuma ya banda. Namshukuru mwenyekiti. Namshukuru shoga yangu aliyepita migombani, ingawa siku nyingine apite mlangoni. Namshukuru mama wa plamu aliyemwacha kijana wangu anyamaze mpaka akachoka kunyamaza. Hongea mno, yaani asanteni sana kwa Kishambaa chetu, wote.

Hofu haijaniisha. Mtu akinipita njiani bila salamu, damu inakwenda miguuni. Bati likilia nasimama. Kwa hiyo nawaomba, ninyi wenye watoto wanaocheka na simu na kuwanunia wageni, msiwaogope na msiwajibie. Mwacheni anyamaze mbele ya mgeni, mwone aibu wote wawili, mgeni angoje. Na nyumba msiyoielewa, njooni mbishe hodi. Chai ipo.

Leo asubuhi tunaingia hapa, mmoja wenu amemwuliza mjukuu wangu, "Vipi, utakwenda chuo?" Jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, tamu kabisa, lote nalijua. Nimelimeza. Kwa hiyo mwenye swali, yeye yuko pale karibu na mlango, mwenye shati la bluu. Mwulizeni yeye.